Miguu Inayorudi: Kujenga Kazi ya Utabibu wa Miguu Dar es Salaam

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kazi yako ni kutibu miguu, atakuuliza kama unasugua magaga. Usinune. Vijana wanaozunguka uswahilini na ndoo, jiwe la kusugulia na chupa za rangi za kucha wameshika miguu mingi kuliko kliniki yoyote ya jiji hili. Tutawarudia mbele, kwa sababu wana nafasi yao katika kazi hii. Kwa sasa tuanzie pale wengi wetu tulipojikwaa, yaani mlangoni.

Mlango huu haujaandikwa jina. Podiatria, yaani utabibu wa miguu, hapa kwetu si kozi ambayo kijana anamaliza kidato cha sita, anajaza fomu na kuingia. Anayetaka shahada yenyewe hutoka nje. Chuo Kikuu cha Johannesburg kinaifundisha kwa miaka 4, Uingereza ni miaka 3 (Scotland 4), na Marekani ni miaka 4 baada ya shahada ya kwanza, halafu miaka mingine 3 ya mafunzo ya hospitalini. Waliobaki, na ndio unaowakuta kila siku wameinamia miguu, waliingia kwa mlango wa jirani. Walikuwa wauguzi, matabibu, madaktari, wataalamu wa fiziotherapia, au mafundi wa viungo bandia waliosoma TATCOT kule Moshi.

Kosa la kwanza, na ndilo la gharama kuliko yote, ni kulipa ada ya nje kabla ya kuuliza utasajiliwa kama nani ukirudi. Watu huuza kiwanja, wakasoma, wakarudi na cheti kizuri, kisha wakakaa miezi wakizungushwa kwa sababu hakuna aliyejua faili lao liende dirisha gani. Andika barua kabla hujapanda ndege. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo inayotambua vyeti vya vyuo vya nje. Usajili wa madaktari na wataalamu wa afya shirikishi uko chini ya sheria ya mwaka 2017 na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wauguzi wana baraza lao. Taka jibu la maandishi, lenye muhuri. Na kama tayari wewe ni muuguzi au tabibu, usiiache leseni yako ya zamani ikafa eti kwa sababu umepata ujuzi mpya. Siku kidole kitakapoharibika na ndugu wakaja juu, utakaloulizwa kwanza ni jina lililo kwenye leseni na kazi inazoruhusu. Kuchana ngozi hai, kuchoma sindano ya ganzi na kung'oa kucha si kazi za kila leseni.

Njia ambayo imelea wengi hapa ni mafunzo mafupi ya mguu wa kisukari. Mradi wa Step by Step, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukiongozwa kwa upande wa Tanzania na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ulichukua watu wawiliwawili kutoka kila kituo, daktari na muuguzi. Ukawapa kozi ya msingi, ukawarudisha makwao wakafanye kazi, kisha ukawaita tena baada ya mwaka kwa kozi ya juu. Popote utakapopata mafunzo ya namna hii, komalia hilo la wawili. Muuguzi anayerudi peke yake na ujuzi mpya humkuta daktari aliyezoea kuandika "safisha kidonda kila siku" na antibiotiki, basi. Baada ya muda anahamishiwa wodi ya wazazi na uzi wake wa kupimia ganzi unabaki kwenye droo.

Mwaka wa kwanza usinunue kitu. Tafuta meza kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali ya serikali, ukubali kukaa pembeni, na kazi yako iwe moja tu: kila anayekuja kupima sukari avue viatu. Utachukiwa kidogo, maana foleni itarefuka. Lakini hapo ndipo mikono inapojifunza tofauti ya mguu uliochoka na mguu uliokufa ganzi.

Kipimo chenyewe kinaonekana cha kitoto. Ni uzi wa nailoni unaojikunja ukifikia msukumo wa gramu 10. Mgonjwa amekaa, miguu imenyooshwa. Unaanza kwa kumgusa kiganjani ili ajue anachosubiri, kisha unamwambia afumbe macho. Unaweka uzi chini ya kidole gumba, halafu kwenye tuta la wayo chini ya gumba, halafu kwenye tuta chini ya kidole cha mwisho. Kila sehemu unasukuma mpaka uzi ujikunje na kuuondoa, jumla sekunde 2, pembeni ya sugu na wala si juu yake. Mara 3 kila sehemu, na mojawapo iwe ya uongo: unauliza bila kugusa. Akijibu sawasawa mara 2 kati ya 3, sehemu hiyo bado ina hisia ya kujilinda.

Hiyo mara ya uongo ndiyo watu huiruka, na hapa kwetu ndiyo yenye maana kuliko zote. Bibi wa Temeke amefundishwa kumheshimu daktari. Ukimwuliza, "Umesikia, bibi?" atakuambia, "Nimesikia, mwanangu," hata kama hajasikia kitu, kwa sababu hataki kukuvunja moyo. Mwulize hivi: "Bibi, nimekugusa sasa hivi? Mguu upi?" Utashangaa ni wangapi watakaokuonyesha mguu wa kulia wakati uzi uko mfukoni. Uzi nao huchoka. Ukishapima watu kama 10, uupumzishe saa 24, kwa hiyo kuwa na zaidi ya mmoja. Siku huna kabisa, gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde 1 hadi 2, kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mchukulie kuwa ana ganzi.

Kisha tafuta mapigo mawili, la juu ya wayo na la nyuma ya kifundo cha ndani. Usiandike "yapo" kwa mazoea. Dopla, kile kifaa kidogo cha mkononi cha kusikilizia damu, ya megahezi 8, husaidia sana, lakini kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono kina mtego wake: chini ya 0.9 mishipa ina tatizo, ila kwa mgonjwa wa kisukari mishipa iliyokauka kama bomba haikubali kubanwa, na namba inapanda juu ya 1.3 ikikudanganya kwamba damu inafika vizuri. Mguu usio na damu ya kutosha haukatwi sugu kwa kina, haufungwi bandeji ya kubana, wala haufungwi hogo, yaani plasta gumu. Huo ni wa daktari wa mishipa kabla ya kuwa wako.

Mwishoni mwa kipimo, ingiza mkono ndani ya kiatu. Tumetoa humo kokoto, vizibo vya soda, msumari uliopenya soli, hata rimoti ndogo ya gari. Mwenye kiatu alikuwa ametembea nayo kutwa.

Sasa kuna kalenda, na tunaomba uisome kama mtu anayesoma mkataba wa ajira. Miongozo ya kikundi cha kimataifa cha mguu wa kisukari, IWGDF, ambayo ni bure na husahihishwa kila miaka 4 (ya karibuni ni ya 2023), inagawa miguu kwa madaraja. Daraja 0, hisia ipo na damu ipo, aonwe mara 1 kwa mwaka. Daraja 1, ana ganzi au ana shida ya damu, kila miezi 6 hadi 12. Daraja 2, ganzi pamoja na shida ya damu, au mojawapo ikiambatana na mguu uliopinda umbo, kila miezi 3 hadi 6. Daraja 3 ni yule mwenye ganzi au shida ya damu ambaye pia alishawahi kupata kidonda, alishakatwa kidole au mguu, au figo zake zimeshindwa kabisa. Huyu kila mwezi 1 hadi 3.

Piga hesabu. Mtu mmoja akifanya kazi hii vizuri, pamoja na kusafisha vifaa, anaona wagonjwa 8 kwa siku. Siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, ni nafasi 1,920. Mgonjwa wa daraja 3 akija kila mwezi mmoja na nusu anatumia nafasi 8 kwa mwaka. Kwa hiyo watu 240 wanaorudi kweli wanakujazia mwaka mzima. Katika jiji la mamilioni unahitaji watu 240 tu! Wengi wetu tulihangaika na mabango na redio tukitafuta wagonjwa wapya kila wiki, huku wa zamani wakipotea mmojammoja hadi siku wanaporudi na kidonda kinachonuka.

Shida ni kwamba anayerudi bila kidonda haoni alicholipia. Kazi kubwa ya kila siku ni kutoa sugu, na sugu si urembo. Ni kama kokoto iliyoota mwilini: kuiondoa hupunguza msukumo chini ya wayo kwa karibu robo. Inatolewa kavu, usiloweke, kwa sababu ngozi iliyolowa hutelezesha bledi na kukuficha mpaka wa ngozi hai. Bledi namba 10 kwa sugu pana ya kisigino, namba 15 kwa sehemu ndogo kati ya vidole. Vuta ngozi kwa kidole gumba cha mkono mwingine mpaka ikaze, laza bledi karibu sambamba na ngozi, toa magamba membamba kama maganda ya kitunguu. Ukianza kuona rangi ya waridi, simama. Ukiona doa jeusi au la zambarau chini ya sugu, hiyo ni damu iliyovilia. Hapo kidonda kimeshaanza bila mlango, na mgonjwa huyo umehesabu vibaya kama ulimpa miezi 6.

Mgonjwa atauliza, "Dokta, mbona hujanipa dawa?" Swali hilo lilitusumbua muda mrefu mpaka tukajifunza jambo dogo: magamba yote yaweke kwenye gozi jeupe, umwonyeshe. "Baba, hiki ndicho ulichokuwa unakikanyaga." Anakishika, anamwita mkewe aje aone. Tangu hapo bei haina mjadala mrefu.

Kuhusu chumba, ushauri wetu ni kutokikimbilia. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi 6 au mwaka mbele, na kabla hujagusa mguu wa kwanza kuna usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, usajili wa kituo chenyewe wizarani, maji, umeme wa akiba na kiti. Waliofunga kliniki mapema tunaowajua hawakukosa wagonjwa. Walimaliza mtaji kwenye kodi na marumaru. Kodi meza kwenye polikliniki iliyokwisha kusajiliwa, siku 2 kwa wiki, mgawane mapato kwa asilimia mliyoandikiana. Hakikisha iko chini, bila ngazi, maana mwenye hogo hapandi ghorofa, na iwe karibu na kituo cha daladala kiasi cha kutembea bila kupumzika njiani. Kama kituo kina mkataba na bima, usiridhike kusikia "tunapokea bima". Omba uonyeshwe orodha ya huduma, utafute kwa macho yako kama kutoa sugu na kutengeneza soli vimo. Usije ukafanya kazi ya nusu saa ikalipwa kama mazungumzo ya dakika 5.

Pesa weka kwenye vifaa. Kwa wagonjwa 8 unahitaji seti 10, si 4. Seti ni koleo la kucha, tupa ya kucha, mpini wa bledi namba 3 na kijiti butu cha chuma. Tuliodhani seti 4 zinatosha tulijikuta tumekaa na mgonjwa tukitazama otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, kwani mzunguko mmoja, kuanzia kupasha moto hadi vifaa kukauka na kupoa, huvuka saa nzima. Kwa nyuzi 121, vilivyofungwa ni dakika 30 na vilivyo wazi ni 20, zikihesabiwa tangu joto lifike hapo. Umeme ukikatika kwenye dakika ya 25, unaanza upya kuhesabu kutoka sifuri. Zile 25 hazipo. Kwenye klorini tuliharibu mali nyingi. Jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, inakupa asilimia 0.5, na vifaa vinakaa humo dakika 10 kisha vinasuuzwa na kuoshwa kwa brashi na sabuni. Jioni ya uchovu mtu anasema, "Nitavitoa asubuhi." Asubuhi koleo lina kutu kwenye bawaba, halifunguki vizuri, na ncha zake hazikutani tena. Koleo lisilokutana halikati, linararua.

Hapo hapo ujihesabu na wewe. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, mwanzo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Ukijikata, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Vumbi la kucha zenye fangasi likisagwa linaingia kifuani, kwa hiyo vaa barakoa ya N95 au achana na mashine ya kusagia. Na kiti cha mgonjwa kiwe juu, wayo ufike usawa wa viwiko vyako. Ukikaa kwenye stuli huku mgonjwa kakaa kiti cha plastiki cha kawaida, mgongo wako utastaafu kabla yako.

Tuseme na yanayoharibika, maana Dar ina namna yake ya kuumiza miguu ambayo hutaikuta kwenye kitabu cha Uingereza. Panya, kwa mfano. Mtu mwenye ganzi analala chini, anaamka asubuhi kidole kimeguguniwa na hakusikia. Majeraha hayo yameandikwa kwenye majarida ya kitabibu kutoka jiji hili hili, kwa hiyo swali la "unalala wapi, na panya wapo?" si la utani. Kuna sakafu ya msikiti saa saba mchana, na udhu unaoacha maji katikati ya vidole mara 5 kwa siku. Mgonjwa mwambie abebe kitambaa kidogo cha kukaushia, wala usimwambie apunguze udhu. Kuna bomba la moshi la bodaboda. Na zaidi ya yote kuna beseni la maji ya moto na chumvi. Mgonjwa anasikia ganzi na baridi miguuni, binti yake anamwonea huruma, anamkandia. Maji yanayomchoma binti mkono yeye hayasikii. Wote wawili wanaona malengelenge kesho yake. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye afya, na kuloweka kwenyewe kuachwe kabisa.

Hogo la kupumzisha wayo ndilo silaha bora kwa kidonda cha chini ya wayo kwa mtu mwenye ganzi ambaye damu inafika na hakuna uambukizo mkali. Mgonjwa hawezi kulivua, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini la kwanza libadilishwe ndani ya siku 2 au 3, kwa sababu uvimbe hushuka na hogo linaanza kucheza, kisha kila wiki. Kwa joto la Januari ndani ya hogo kunawasha, na mtu atachokonoa kwa kijiti cha mishikaki. Mwulize waziwazi, bila ukali, atakuambia. Hogo pia linarefusha mguu mmoja. Usipoinua kiatu cha upande wa pili, nyonga inaanza kuuma na mgonjwa anakuja akiomba likatwe. Fundi viatu wa barazani huongeza soli ya raba ya gari chini ya kandambili ya pili, unene uleule wa hogo, kwa nusu saa.

Felti, kitambaa kinene cha kupunguza msukumo, ni rahisi kuliko hogo na inakosewa zaidi. Tunakata kipande cha milimita 5 hadi 7, tunakitoboa tundu mahali pa kidonda, tunajipongeza. Wiki inayofuata nyama imetuna ndani ya tundu kama kifuniko cha chupa, kwa sababu ukingo wa tundu umebana pande zote. Kata umbo la herufi U lenye mdomo wazi kuelekea vidole, kingo zichongwe ziteremke. Na kwa jasho la hapa, baada ya wiki felti imelala bapa, haisaidii kitu. Sponji ya godoro usiijaribu, inalala siku ya kwanza.

Huyo fundi viatu tumfanye ndugu. Hospitali kama CCBRT na MOI zina karakana za wataalamu, na viatu vya kutengenezwa maalumu ni vya huko. Lakini mgonjwa wa kawaida ananunua kiatu mtumba, na anakinunua kwa jicho. Mpe kadibodi. Asimame juu yake jioni, wakati miguu imevimba, uchore mzunguko wa wayo kwa kalamu iliyosimama wima, ukate. Kipande hicho kikiingia ndani ya kiatu bila kujikunja pembeni, na mbele kikabakiza sentimita 1 hadi 2, kiatu kinafaa. Kikijikunja, hakifai hata kama "kitaachia". Mtu asiye na hisia hana wa kumwambia kiatu kimeachia au hakijaachia. Fundi akitoa soli ya ndani ya raba na kuweka foamu ya milimita 5 iliyochongwa chini ya tuta la wayo, umepata nusu ya kiatu cha hospitali.

Kosa la kujuta ni mguu wa Charcot. Anakuja mtu, mguu mmoja umevimba, mwekundu, wa moto, hauna kidonda, maumivu kidogo. Anapewa antibiotiki, anapewa dawa ya gauti, anaendelea kutembea, na ndani mifupa inavunjika. Baada ya miezi wayo umekuwa kama mtumbwi. Kile kipimajoto cha miale tulichozoea wakati wa korona kinatosha: pima sehemu ileile miguu yote miwili. Tofauti ya nyuzi 2 au zaidi kwa mtu mwenye ganzi na asiye na kidonda, mfanye kuwa Charcot mpaka ithibitike vinginevyo, apumzishwe mguu siku hiyo hiyo na apigwe picha.

Na kuna mgonjwa ambaye hupaswi kubaki naye hata kama analipa vizuri. Wekundu uliopita sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda. Kijiti butu kikigonga mfupa. Usaha wa kina. Au angalau mawili kati ya haya: homa juu ya nyuzi 38, mapigo juu ya 90, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika. Huyo anakwenda hospitali leo, si baada ya "tuangalie dozi hii". Hata kidonda kitulivu, kisipopungua nusu ya eneo lake ndani ya wiki 4, kuna kitu hujakiona: damu, mfupa, au viatu. Pima urefu mara upana kwa rula kila wiki, uandike. Jicho linalopenda mgonjwa apone huona kupona.

Rufaa yenyewe haiishii kwenye karatasi. Daktari akisema kidole kiondolewe, familia inakaa kikao, anangojwa kaka mkubwa kutoka Tanga, na kidole kinapanda kuwa mguu. Kaa kwenye hicho kikao kama wanakuruhusu. Usiwatishe kwa vifo. Wameshasikia kwamba aliyekatwa mguu hakai. Hofu yao ina ukweli ndani yake, kwani katika tafiti nyingi zaidi ya nusu ya waliokatwa mguu juu ya kifundo kwa sababu ya kisukari hawafikishi miaka 5. Kwa hiyo hoja yako iwe hiyo hiyo, kwamba kidole leo ni cha kuokoa mguu. Wakati mwingine hawatakusikia. Utarudi nyumbani harufu ya kidonda ikiwa bado puani, na hasira isiyo na pa kwenda. Kuwa na mwenzako mmoja wa kumpigia simu usiku huo. Ndiyo sababu nyingine ya ile habari ya wawili.

Wale vijana wa ndoo sasa. Tuliwapiga vita bure. Saa moja ya kukaa nao chini ya mwembe inatosha kuwafundisha mambo matatu: kuuliza "una sukari?" kabla ya kugusa, kutochokonoa pembe za kucha, na kutoendelea kusugua wakiona doa jeusi, unyevu au kidonda ambacho mteja hakulalamikia. Kila mmoja mwachie karatasi yenye namba yako. Usimpe kamisheni kwa kila kichwa, ataanza kukuletea miguu mizima. Mpe jiwe jipya na glovu.

Na kumbukumbu zako zisiwe za waliokuja tu. Daftari letu lina safu ya mwisho iliyoandikwa "arudi lini", na kila Ijumaa mchana tunasoma safu hiyo peke yake na kupiga simu. Haizidi dakika 2. "Shikamoo mama. Hujambo na familia? Napiga kutoka kliniki ya miguu. Jumanne ni zamu yako. Uje na viatu vyote unavyovaa, hata malapa ya bafuni." Akikujibu kwamba mguu haumsumbui, atakuja mwezi ujao, mwulize ni nani aliyeutazama wayo wake mara ya mwisho. Kisha usikate simu. Mngoje hapo hapo amwite mjukuu aje autazame.